Mangi Sina wa Kibosho na Ibra ya Vita vya Kilimanjaro

Watu wa pwani wakitaja vita vya kuupinga utawala wa Kidachi, kwanza humtaja Abushiri bin Salim Al-Harthi wa Pangani, kisha Bwana Heri wa Saadani. Ni haki yao kutajwa. Lakini moto ule haukuzimika pwani. Wadachi walimnyonga Abushiri mjini Pangani tarehe 15 Disemba 1889, na mwaka uliofuata Bwana Heri akakubali sulhu. Baada ya hapo Hermann von Wissmann, jemadari yule yule aliyeipiga pwani, alikwea bara na askari wake mpaka Kibosho, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huko alikuwako mtawala aliyeitwa Mangi Sina, na juu ya boma lake ilikuwa ikipepea bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: bendera ya Unguja ilifikaje mlimani, na kwa nini mtu wa Kibosho awe tayari kuipigania? Habari hiyo inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Nchi moja, mamangi wengi

Uchaga wa zamani haukuwa dola moja. Maji yanayoteremka kutoka kileleni yameukata mlima kwa mabonde, na kila kipande kilichokuwa baina ya mito kilikuwa na mangi wake: Kibosho, Moshi ya juu, Machame, Uru, Kilema, Marangu, Siha, Rombo na kwingineko. Watu wote hao walikula ndizi za migomba ya namna moja, wakachimba mifereji ya maji kwa maarifa ya namna moja, na lugha zao zilikuwa za udugu. Lakini walivamiana usiku, wakachomeana majumba na kuchukuliana ng'ombe.

Katika miaka ya 1870 na 1880 wakubwa wawili walishindania mlima. Mmoja ni Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara. Jeshi lake halikuwa kubwa sana, lakini alikuwa na ulimi mzuri na alijua kuwakirimu wageni na kuwatumia. Wa pili ni Sina wa Kibosho. Huyu alitegemea nguvu. Alijenga boma la kuta za mawe, akalizungushia mahandaki, na wapiganaji wake wakawa tishio kwa majirani wote.

Nguvu ile ilitoka wapi? Hapa yatupasa kusema kweli ijapokuwa ni chungu. Bunduki na baruti zilipanda mlimani kwa misafara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa. Wenye misafara walikuwa babu zetu. Walipeleka nguo, shanga, waya wa shaba na silaha, wakarudi na pembe za ndovu. Na mara nyingi walirudi na watu pia. Mangi aliyeshinda vita aliuza mateka, na kwa mateka alipata bunduki za kutafutia mateka wengine. Mnunuzi hakuuliza yule mtoto amenyakuliwa kwa nani. Basi tunapowalaumu mamangi kwa kupigana wao kwa wao, tukumbuke kwamba baruti waliyoichoma iliuzwa na watu wetu.

Bendera mbili

Mwaka 1885 Seyyid Barghash aliposikia kwamba Wadachi wanazunguka bara na karatasi zao za mikataba, alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa majeshi yake, aende Kilimanjaro. Mathews alipata ahadi za utii kwa Seyyid kutoka kwa mamangi wengi, Rindi akiwa mmoja wao. Haukupita muda akatokea Mdachi, Karl Jühlke, naye akaandikiana mkataba na Rindi huyo huyo. Rindi alipokea zawadi za pande zote mbili. Kwake yeye karatasi haikuwa jambo kubwa. Alilotaka ni rafiki mwenye bunduki atakayemsaidia juu ya Sina.

Sina naye alifanya hesabu yake. Adui yake amekwenda kwa Wadachi, basi yeye akashikamana na bendera ya Unguja. Alipotakiwa aipandishe ya Wadachi, alikataa.

Lakini tazama jinsi dunia inavyomcheza mtu. Mwaka 1890 Unguja yenyewe iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka huo huo ukanda wa Mrima, uliokuwa wa Seyyid, ukaachiwa Wadachi kwa malipo ya mark milioni 4. Kwa hivyo bendera ile ilipokuwa ikipepea Kibosho, mwenyewe alikwisha kushindwa kuilinda hata nyumbani kwake. Hakuna jahazi wala msafara uliokwenda kumwokoa Sina.

Vita vya Kibosho, 1891

Mwezi wa Februari 1891 von Wissmann aliwasili na askari wake, wengi wao Wasudani walioajiriwa Misri, waliokuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Hakuwa peke yake. Rindi alimpa mamia ya wapiganaji wa Moshi, watu waliozijua njia zote za migombani. Wakubosho walipigana kwa ushujaa ndani ya kuta zao. Migomba iliwaficha, mahandaki yaliwazuia adui, na boma halikuanguka kwa pigo moja. Mwishowe mizinga ilishinda mawe. Boma likaingiwa, mali ikatekwa, na Sina akalazimika kuomba amani. Bendera nyekundu ikashushwa.

Moshi walishangilia. Adui wao wa miaka mingi alikuwa amevunjika. Hawakujua kwamba shangwe ile isingedumu.

Zamu ya Moshi

Rindi alifariki mwaka ule ule wa 1891, na mwanawe Meli, kijana mbichi, akashika nchi. Wakati huo kituo cha Wadachi kilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle. Aliyekuwa mkubwa hapo kwanza ni Carl Peters, mtu aliyejulikana kwa ukatili. Alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha akamnyonga binti wa Kichaga aliyeitwa Jagodja, mambo ambayo hata kwao Ujerumani yalileta fedheha mpaka akafukuzwa kazi mwaka 1897.

Marealle alikuwa na nchi ndogo lakini akili nyingi. Wasimulizi wa Moshi husema kuwa ni yeye aliyepeleka maneno kwa Wadachi kwamba Meli ni mkaidi. Mwezi wa Juni 1892 luteni von Bülow aliyekuwa mkuu wa kituo aliondoka na askari kwenda kumtia adabu. Meli alimngoja. Katika mapigano ya tarehe 10 Juni, von Bülow alipata jeraha lililomuua, mwenzake luteni Wolfrum akauawa pia, na waliobaki wakarudi nyuma mbio. Wadachi wakakihama kituo chao, na kwa muda mlima ukawa hauna bwana wa kigeni.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Kama Moshi, Kibosho, Machame na Marangu wangalikaa kitako wakashauriana, labda taarikh ingaliandikwa vingine. Hawakukaa. Kila mmoja alikuwa bado akihesabu ng'ombe alionyang'anywa na jirani yake. Mwezi wa Agosti 1893 gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa, na Meli akashindwa. Kituo cha Wadachi kikahamishiwa Moshi, chini ya kapteni Kurt Johannes, na watu wa Meli wakafanyizwa kazi za kukijenga.

Kitanzi kimoja

Baada ya hapo mwenye nguvu mlimani akawa yule aliyesikizwa na Johannes, na aliyesikizwa ni Marealle. Mwaka 1896, wamishonari wawili walipouawa huko Meru, Johannes alikwenda kuwapiga Wameru na Waarusha. Wapiganaji wa Kichaga waliandamana naye kwa wingi, wakarudi na ng'ombe wa ngawira. Waliofanya hivyo walidhani wamekwisha kuwa washirika wa dola.

Sina alifariki mwaka 1897, na wapo waliosema alitiliwa sumu. Mwanawe Molelia akashika Kibosho. Kisha yakazuka maneno kwamba mamangi kadhaa wanapanga njama na Waarusha na Wameru ili waivamie boma ya Wadachi. Maneno hayo yalifikishwa kwa Johannes na Marealle. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya juu, watu 19 walinyongwa. Miongoni mwao walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, pamoja na wakubwa wa Arusha na Meru.

Fikiri, ndugu msomaji. Mwana wa Rindi na mwana wa Sina! Baba zao hawakupata hata siku moja kukubaliana, na wana wao wakanyongwa siku moja kwa hukumu moja. Rindi alimwita mgeni avunje boma la jirani, na mgeni huyo ndiye aliyemnyonga mwanawe. Marealle naye hakustarehe: Johannes alipoondoka, naye alichongewa, akaogopa, na kwa muda akakimbilia upande wa Waingereza.

Wala dhuluma haikukoma kwa kunyonga. Wazao wa Meli wanaamini kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wakfu wa makumbusho huko Berlin ulitangaza kwamba mabaki machache miongoni mwa mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki yamepatana na damu ya jamaa walio hai Kilimanjaro, moja likiwa la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikutambulikana. Sisi tuliofundishwa kwamba maiti ana heshima na huzikwa upesi, tunaweza kufahamu uchungu wa jamaa waliongoja zaidi ya miaka 120.

Ibra

Wengine husema Wadachi walishinda kwa sababu ya mizinga tu. Mizinga ilikuwa na kazi yake. Lakini Kibosho ilianguka kwa mizinga iliyoongozwa na watu wa Moshi, na Moshi ikaanguka kwa maneno yaliyotoka Marangu. Abushiri naye hakukamatwa vitani. Alikabidhiwa kwa Wadachi na wenyeji alipokuwa mtoro. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hayo si mambo ya wafalme peke yao. Ndugu wawili hugombania minazi kumi ya urithi, mmoja akaenda kwa tajiri wa mbali amsaidie kumtoa mwenzake, na baada ya miaka michache shamba zima ni la tajiri. Jirani huchukua neno asilolichunguza akalipeleka kwa mwenye mamlaka, na nyumba ya mwenziwe ikabomoka. Dini imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na imeifanya fitna kuwa dhambi kubwa. Aliyeanguka kwa fitna zako leo, kesho hayupo wa kukusaidia wewe.

Watu wa Kilimanjaro walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikatokea chama kikubwa cha ushirika, KNCU. Mtu wa Kibosho, wa Moshi na wa Marangu wakauza kahawa kwa sauti moja, wakasomesha watoto wao. Yale ambayo kuta za mawe hazikuweza kuyalinda, yalilindwa na watu waliokubali kukaa baraza moja.