Kutoka Lumuma hadi Mdomo wa Wami: Mto, Mkataba na Mzaha wa Mangungo

Mto Lumuma unashuka kutoka milima ya Rubeho, magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, karibu na mpaka wa Mpwapwa. Maji yake huingia Mkondoa, na Mkondoa hukata bonde jembamba hadi Kilosa mjini, ukatawanyika kwenye tambarare za Mkata, kisha ukaendelea kwa jina la Wami mpaka Bahari ya Hindi, kati ya Bagamoyo na Saadani. Huku juu mto haubebi chombo: kiangazi ni mchanga na mawe, masika ni maji mekundu yanayong'oa madaraja. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita bondeni humo akimtafuta David Livingstone, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akapendekeza kwamba meli ndogo zipandishwe Wami hadi Usagara, ili pembe za ndovu zishuke pwani kwa maji badala ya mabega ya wapagazi. Meli hizo hazikuja. Hata hivyo, anayeufuata mto huo kwa utaratibu wa maji, kutoka chanzo hadi mdomo, hukutana na historia ya aina mbili zinazokwenda pamoja: historia ya watu kuandikiana mikataba, na historia ya watu kutaniana kwa sababu ya mikataba hiyo.

Lumuma inajulikana sokoni kwa vitunguu. Mashamba yananyweshwa kwa mifereji ya maji ya mto, na mavuno huondoka kwa malori. Mapatano hapa ni ya mdomo. Mnunuzi au dalali hufika shambani, bei hutajwa kwa gunia, na ugomvi huanzia kwenye gunia lenyewe. Likishajaa, juu yake hushonewa wavu, vitunguu vikaongezwa mpaka mzigo ukawa na kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo huikemea kila msimu, lakini mkulima mwenye vitunguu vinavyoanza kuota hana nguvu ya kumrudisha mnunuzi. Anaisema dhuluma hiyo kwa maneno makali yenye kicheko ndani yake, kisha anauza.

Mgogoro ukizidi kicheko, huenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa baraza la kata, au Mahakama ya Mwanzo. Hapo kuna jambo ambalo limeathiri sana namna Watanzania wa vijijini wanavyomfahamu wakili. Tangu enzi za Waingereza mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za wenyeji. Gavana Donald Cameron alishikilia msimamo huo, na kwa sheria ya mwaka 1929 rufaa za mahakama hizo ziliondolewa Mahakama Kuu zikapelekwa kwa maofisa wa utawala. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilibadilisha mengi, lakini marufuku ya mawakili ilibaki katika Mahakama za Mwanzo, na ni marekebisho ya miaka ya karibuni tu yaliyoanza kuilegeza. Kwa zaidi ya vizazi viwili, mkulima wa Lumuma aliweza kushtaki, kushtakiwa, kushinda na kushindwa bila kumwona wakili hata mmoja. Waliozoeleka walikuwa wengine: mzee anayejua maneno ya barazani, karani anayeandika malalamiko kwa malipo kidogo, na kishoka anayejifanya mwanasheria mbele ya lango la mahakama. Vichekesho vya kisheria vya vijijini vinawahusu hao, na hakimu.

Kicheko chenyewe nacho kilikuwa na sheria yake. Katika makabila ya eneo hili, Wasagara, Wakaguru, Waluguru na jirani zao, utani haukuwa ruhusa ya kila mtu kumcheka kila mtu. Ulikuwa uhusiano unaojulikana kati ya ukoo na ukoo, au kabila na kabila, wenye haki na wajibu. Mtani angeweza kumtukana mtani wake msibani, akachukua kitu chake bila kuomba, na mwenye kitu hakuwa na haki ya kukasirika. Mtani huyohuyo alipaswa kushughulikia maziko na kuondoa unajisi wa kifo, kazi ambazo ndugu wa damu hawakuweza kuzifanya. Njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyopita bonde la Mkondoa ilipanua mtandao huo: Wanyamwezi na Wasukuma wakawa watani wa Wazaramo wa pwani, na waliowahi kupigana wakamaliza uadui wao kwa matusi yasiyo na madhara.

Watawala wa kikoloni walitatanishwa. Mtu akichukua kuku wa mwenzake, ameiba au ametania? Mwaka 1940 F. J. Pedler aliandika kuhusu utani wa Afrika Mashariki katika jarida Africa, na mwaka huohuo A. R. Radcliffe-Brown akachapisha humo nadharia yake iliyosomwa duniani kote. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alikusanya taarifa za utani wa makabila mengi ya Tanganyika. Baadaye T. O. Beidelman, aliyeishi na Wakaguru miaka ya 1950, aliandika juu ya utani wao na pia juu ya mahakama zao. Kwa Wakaguru mambo hayo mawili yalikuwa jirani, kwa kuwa yote yaliamua nani anaweza kumwambia nani nini, na kwa gharama gani.

Chini ya Kidete mto unaandamana na Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliipitisha bondeni humu katika mwongo wa kwanza wa karne ya ishirini, na ambayo Mkondoa umeibomoa mara nyingi, ikiwamo kwa mafuriko makubwa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Stesheni ya Munisagara bado ina jina la Mwinyi Sagara, mtawala aliyewekwa kwenye hati ya Kijerumani tarehe 4 Desemba 1884. Kaskazini mwa Kilosa mjini, kwenye barabara ya Dumila, ndiko iliko Msowero, na hati ya Msowero ni ya siku tano kabla.

Novemba 1884 Carl Peters aliondoka Saadani kuelekea bara akiwa na wenzake watatu: Joachim von Pfeil, August Otto na Karl Jühlke. Jühlke alikuwa msomi wa sheria. Chama chao cha ukoloni kilikuwa kimeundwa Berlin mwezi Machi mwaka huohuo. Tarehe 29 Novemba walifika kwa Mangungo, mtawala wa Msowero, na karatasi iliyotoka hapo inastahili kusomwa polepole. Inajiita mkataba wa urafiki wa milele. Inasema Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa Peters na chama chake. Inaongeza kwamba hayo yanafanyika bila kuathiri mamlaka ya Mwinyi Sagara juu yake, ndiyo maana siku tano baadaye Mwinyi Sagara naye alitafutwa akaandikiwa yake, tundu likazibwa. Kisha inakuja ibara ya ajabu kuliko zote: Mangungo, baada ya kuulizwa, ametamka kwamba hamtegemei Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwapo kwake hajui.

Neno hilo halikuandikwa kwa ajili ya Msowero. Liliandikwa kwa ajili ya Berlin na London, kwa wasomaji watakaouliza kama nchi hii si ya Sultan Barghash. Askari wa Sultani, chini ya Lloyd Mathews, walikuwa na kituo Mamboya, safari fupi kutoka hapo. Kudai kwamba mtawala wa Usagara hakupata kusikia habari za Zanzibar ni jambo lisiloaminika. Hati ilikuwa kwa Kijerumani, ikafasiriwa na mkalimani aitwaye Ramazan, ikawekwa alama na Mangungo na kushuhudiwa na Wazungu wenyewe waliofaidika nayo pamoja na watu wachache wa pale, akiwamo Kondo, mwanawe. Ardhi ya Wasagara ilikuwa ya koo, na koo zilifuata upande wa mama. Mtawala aliweza kumpa mgeni mahali pa kukaa, hakuweza kuiondoa nchi mikononi mwa walio hai na watakaozaliwa. Kwa maana hiyo Mangungo hakuuza, kwa sababu hakuwa na cha kuuza, na waliomwandikia walikuwa na elimu ya kutosha kulijua hilo.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser alitoa hati ya ulinzi kwa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Barghash alipinga, na Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake.

Baada ya uhuru vitabu vya shule viliichukua habari hii, na Mangungo akawa kichekesho cha taifa. Aliyetia saini mkopo bila kusoma masharti ni Mangungo. Aliyekubali bei ya lumbesa ni Mangungo. Bunge likijadili mikataba ya madini, au kama ilivyokuwa mwaka 2023 kuhusu makubaliano ya bandari na Dubai, jina la mzee wa Msowero hurudi vinywani. Marekani mwelekeo ni mwingine: Marc Galanter, katika kitabu chake cha 2005 juu ya vichekesho vya mawakili, alionyesha jinsi vilivyozidi kuwa vikali katika miongo ya mwisho ya karne ya ishirini, na anayechekwa humo ni mwanasheria mwenyewe. Kwetu anachekwa aliyewekewa karatasi mbele yake, na jina la Jühlke, aliyeuawa Kismayu mwaka 1886, halijulikani hata kwa wanaolitaja la Mangungo kila wiki. Mzaha huo umempata mtu asiye wake.

Pwani ilikuwa na mizaha ya kisheria iliyolenga vizuri zaidi. Katika hekaya za Abunuwasi, tajiri aliyefurahia kuambiwa kwamba sufuria yake imezaa anakwenda kushtaki anapoambiwa imekufa, na hukumu inamgeukia: aliyekubali kuzaa akubali na kufa. Hapo anayebanwa na masharti ni mwenye tamaa.

Wami ukikaribia bahari hatimaye unabeba vyombo. Maji yanapanuka kati ya mikoko, viboko na mamba wamejaa, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani huzungushwa mdomoni kwa boti, taratibu, wakitazama ndege. Ukanda huu nao una karatasi zake. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia Sultani maili kumi kutoka pwani, mwaka 1888 ukanda ukakodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1890 Ujerumani ikaununua moja kwa moja kwa marki milioni nne. Kwa nchi iliyotajwa katika hati za Msowero na Munisagara hakukuwa na malipo ya aina hiyo.