Herufi Tatu Kabla ya Udaktari

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, steshenari za Kariakoo hujaa wazazi na watoto wao. Wanakuja kuchapisha fomu, kuingia kwenye mfumo wa Selform na kubishana. Kwa wanaotaka udaktari, mabishano huishia kwenye herufi tatu: PCB au CBG? Yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, au Kemia, Baiolojia na Jiografia. Mtoto ana miaka 16 au 17. Akiichukua Jiografia na kuiacha Fizikia, njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi udaktari wa binadamu inazibika, kwa sababu vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu vinataka ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu.

Watoto wa mtaani huniuliza nawashauri nini, maana nilisoma PCB. Mara nyingi wanachotaka kujua ni kama Fizikia ni ngumu. Mimi huwaanzishia historia, kwa sababu ugumu wa Fizikia ni jambo dogo. Jambo kubwa ni ahadi iliyokuwa nyuma ya herufi hizo.

Historia yenyewe inaanzia hatua chache kutoka sokoni, Mtaa wa Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street. Hapo ndipo palipokuwa na ofisi ya Tanganyika African Association, TAA. Mwaka 1950 chama kilipata rais mpya, Dk. Vedast Kyaruzi, na katibu wake akawa Abdulwahid Sykes. Kyaruzi alikuwa daktari wa serikali aliyesomea Makerere, Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na shule ya udaktari. Enzi hizo kijana alifika Makerere na cheti chake cha Cambridge, akasoma kwanza sayansi za awali, ndipo akaingia kwenye tiba. Njia hiyo ilifanana kidogo na ya Marekani, ambako mtu husoma shahada ya kwanza kabla ya kuomba shule ya udaktari. Lakini Mmarekani anaweza kuchukua shahada ya historia au muziki, mradi asome na sayansi zinazotakiwa. Mtanganyika hakuwa na nafasi ya kuchezea. Waliofika Makerere walikuwa wachache mno, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoshika mlango.

Aliporudi nyumbani, daktari huyo alifanya kazi ya daktari kwa cheo cha msaidizi. Mzungu mwenye shahada ya Uingereza alikuwa juu yake kwa cheo na kwa mshahara. Haishangazi kwamba madaktari vijana walikuwa miongoni mwa walioifufua TAA. Serikali ilimhamisha Kyaruzi kwenda Kingolwira, Morogoro, mbali na New Street. Haikusaidia. Mwalimu Nyerere alichukua uongozi wa TAA mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa mtaa huohuo.

Nyerere alipenda kukumbusha kwamba tulipopata uhuru, nchi nzima ilikuwa na madaktari Watanganyika 12 tu. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ikaanzisha shule ya udaktari hapa Dar es Salaam, na mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu. Iko Muhimbili, Upanga. Ukitoka sokoni unafika kwa miguu.

Kipindi hicho ndicho kilichozipa sayansi uzito wake. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo 1980. Serikali ilihesabu madaktari, wahandisi na walimu inaowahitaji, ikagawa ufadhili wa masomo kufuatana na hesabu hiyo. Makubaliano yalikuwa wazi: serikali inakusomesha, wewe unaitumikia. Kijana hakuulizwa sana anapenda nini, lakini alijua kazi inamsubiri.

Upande mmoja wa makubaliano hayo umevunjika. Miaka ya 1990 ulikuja uchangiaji wa gharama, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Leo wengi husoma kwa deni. Vyuo vya udaktari, vya umma na vya binafsi, vimeongezeka, jambo jema kwa wagonjwa, lakini ajira hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Nawajua vijana waliomaliza miaka mitano ya udaktari na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, ambao sasa wanauza simu hapa Kariakoo huku wakisubiri tangazo la ajira.

Upande wa pili umebaki vilevile. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65 kutoka 16. Kwa anayetaka udaktari, masomo ni yaleyale matatu. Kwa hiyo mtoto wa leo anabanwa kama yule wa 1964, bila ile kazi iliyokuwa ikimsubiri.

Ninachowaambia ni hiki. Chagua PCB kama unaweza kuishi na masomo hayo matatu hata usipoupata udaktari, kwa sababu yanakufungulia pia famasia, uuguzi na sayansi za maabara. Kama unaipenda Jiografia kweli, ichague, lakini ujue umeacha nini. Na mlango wa pili upo: Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu baada ya kidato cha nne kwa mwenye ufaulu mzuri wa sayansi. Afisa tabibu mwenye alama za juu anaweza kuomba udaktari baadaye. Ni njia ndefu, na wapo watakaokuita msaidizi. Kyaruzi naye alianza na cheo hicho.

Kisha namgeukia mzazi na kumuuliza maswali mawili kabla hajalipia kuchapisha fomu. Ada ya miaka mitano itatoka wapi? Na kazi ikichelewa miaka miwili, nyumbani mtamvumilia?