Picha za Ukumbusho: Historia Iliyotundikwa Ukutani mwa Lubumbashi

Katika miaka ya 1960 na 1970, mgeni aliyekaribishwa katika sebule ya mfanyakazi wa migodi, ya karani au ya mwalimu mjini Lubumbashi, aghalabu aliketi akikabiliana na picha moja au mbili za rangi zilizotundikwa ukutani. Picha hizo hazikuletwa kutoka Ulaya, wala hazikuwa kazi za wahitimu wa chuo cha sanaa. Zilichorwa na vijana wa mjini waliojifunza wenyewe, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wachoraji wakazitembeza wao wenyewe mitaani ili kuziuza kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliimudu. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wapenzi wa picha hizo, lakini si uzuri wa rangi peke yake unaomsukuma kuziandikia katika jarida la walimu wa Kiswahili. Picha hizo zilikuwa kitabu cha historia cha watu wasio na kitabu, na lugha ya kitabu hicho ilikuwa Kiswahili.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi Kiswahili kilivyofika huko, mbali sana na pwani. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani ya mashariki na Unyamwezi ilifika hadi Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Wayeke, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Unyamwezi. Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kisha yakaja machimbo ya shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Kampuni ilitafuta vibarua Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na hata Ruanda-Urundi. Na maadamu watu hao walikuwa wa lugha nyingi, Kiswahili kikawa lugha ya kazini, kisha cha mtaani, na hatimaye lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa kambini. Hata jimbo lenyewe, tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi mwaka 1997, liliitwa kwa neno la Kiswahili: Shaba.

Uchoraji haukuanza huko na vijana wa miaka ya 1960. Mnamo mwaka 1926 Mbelgiji Georges Thiry alikutana huko Bukama, Katanga, na mchoraji Albert Lubaki, ambaye picha zake za rangi za maji zilionyeshwa mjini Brussels mwaka 1929. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya sanaa mjini Elisabethville, ambamo walitokea mabingwa kama Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Kazi zao ni nzuri mno, na samaki na ndege wa Pili Pili wangali wanasifiwa hadi leo. Hata hivyo wanunuzi wake walikuwa hasa Wazungu. Picha za sebuleni, ambazo ndizo shabaha yetu, zilikuwa na mnunuzi mwingine: zilichorwa na mtu wa mjini kwa ajili ya jirani yake.

Jirani huyo aliponunua picha, alinunua kitu gani? Jibu lake lilikuwa neno moja: ukumbusho. Picha ilithaminiwa kwa uwezo wake wa kumrudishia mtu fikra ya jambo fulani na kumfungua kinywa alisimulie. Wenyeji waliweza kuzipanga picha zao katika mafungu matatu: vitu vya mababu (wao husema bankambo), vitu vya zamani na vitu vya sasa. Katika fungu la kwanza walikuwamo machifu na maisha ya vijijini kabla ya utawala wa kigeni. Katika fungu la pili kulikuwamo ukoloni na vita vilivyofuata uhuru. Katika la tatu alipatikana mamba muntu, nusu mwanamke na nusu samaki, mwenye nywele ndefu, ambaye humtajirisha mwanamume kisha akamdai malipo mazito. Aliyemtundika mamba muntu sebuleni alikuwa na hadithi tayari ya kumweleza mgeni juu ya fedha zipatikanazo ghafla na gharama yake.

Picha iliyoenea sana katika fungu la pili iliandikwa jina kwa Kifaransa: Colonie belge 1885–1959. Tunaona ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, mkubwa wa Kibelgiji amesimama akitazama, na bendera inapepea. Mara nyingine wanaonekana wanawake waliowaletea waume zao chakula. Mwanahistoria wa darasani angetaka kuisahihisha tarehe hiyo, kwa sababu Kongo ilikuwa mali ya Leopold mwenyewe hadi mwaka 1908 ndipo ikawa koloni la Ubelgiji, na uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Lakini kwa mtu aliyechapwa, tofauti ya Leopold na serikali ya Ubelgiji ilikuwa nini? Kiboko kilikuwa kile kile. Aidha, picha hii ilinunuliwa kwa wingi wakati wa utawala wa Mobutu, ambapo kuyasema wazi maonevu ya siku zile kulikuwa na hatari. Kuyazungumza ya Wabelgiji, mbele ya picha, kulikuwa na hatari kidogo zaidi. Na msikilizaji mwerevu hakukosa kuelewa.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwapo mmoja aliyeona kwamba picha moja moja hazitoshi. Huyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Yeye alijihesabu kuwa ni mchoraji na mwanahistoria kwa pamoja. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi, akamwambia nia yake ya kuichora historia nzima ya nchi. Akaichora kweli. Fabian alizichapisha picha 101 za mfululizo huo katika kitabu mwaka 1996. Zinaanzia enzi za wafalme wa kale, zinapita kwa Msiri, kwa ukoloni na kwa mgomo wa Desemba 1941, ambapo askari waliwapiga risasi na kuwaua makumi ya wafanyakazi wa Union Minière mjini humo. Zinafika kwa Patrice Lumumba, kwa kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na kwa enzi ya Mobutu. Lumumba ndiye moyo wa mfululizo huo. Yeye na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba, alipokichora kifo chao, aliweka nyuma yao misalaba mitatu, na mtazamaji yeyote aliyesoma Injili alijua mara moja anaambiwa nini.

Jambo linalotuhusu sisi walimu ni kwamba Tshibumba hakuzikabidhi picha zake kimya kimya. Alizieleza moja baada ya nyingine, na Fabian alimrekodi. Maelezo hayo yote ni ya Kiswahili. Mtu asiye na shahada, akitumia lugha aliyokulia nayo, alizungumza juu ya wafalme, mikataba, sheria, migomo na mauaji, akapima ushahidi na kutoa hoja, bila lugha hiyo kumpungukia.

Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba Kiswahili hicho si sanifu, na kwamba wengi wetu tumezoea kukiita kibovu. Basi na tulichunguze neno moja. Mtu wa Lubumbashi husema kutosha akiwa na maana ya kutoa au kuondoa. Mwanafunzi akiandika hivyo, sisi tunatia kalamu nyekundu, kwa kuwa kwetu kutosha ni kukidhi haja. Lakini neno hilo limeundwaje? Limetoka kwa toka, kama washa lilivyotoka kwa waka, na angusha kwa anguka. Ni kanuni ile ile ya kitenzi cha kusababisha tunayoifundisha ubaoni. Kwa kanuni hiyo hiyo kumbuka huzaa kumbusha, na kumbusha huzaa ukumbusho. Kadhalika muntu na bantu ni ndugu wa mtu na watu. Hatuna budi kuwafundisha wanafunzi wetu Kiswahili sanifu, kwani ndicho cha mitihani na cha vitabu. Lakini tuwaeleze tofauti hizo kama wanaisimu, tusiwatie aibu.

Wala picha hazikuwa peke yake. Katika nyumba zile zile zilisikika nyimbo za gitaa za Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Na baadaye michezo ya kuchekesha ya kundi la Mufwankolo. Hao nao walitumia Kiswahili. Mwaka 1965 ilitolewa historia fupi ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, yaani wapishi na maboi waliowajua wakoloni kutoka jikoni. Mchoraji, mwimbaji, mchekeshaji na mtumishi walikuwa wakifanya kazi moja.

Biashara ya picha hizo ilififia. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mishahara ikapoteza thamani, na mfanyakazi ambaye jana alinunua ukumbusho, leo alitafuta unga. Tshibumba mwenyewe hajulikani alikokwenda tangu mwaka 1981 hivi. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai, kama jamaa za Tshibumba, walifukuzwa Katanga. Na anayefukuzwa hawezi kubeba kila kilichomo ukutani. Picha za mfululizo ule wa historia zimehifadhiwa mjini Amsterdam, katika jumba ambalo kwa miaka mingi liliitwa Tropenmuseum. Zimetoka katika ukumbusho zikaingia katika makumbusho. Huko ziko salama, lakini hakuna baba anayemwonyesha mwanawe kwa kidole akisema, "Huyu ndiye Lumumba."

Hata hivyo maneno ya Tshibumba yameandikwa kama alivyoyatamka, nayo yanapatikana kwenye intaneti kwa yeyote anayejua Kiswahili. Sisi tunaofundisha Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo yenyewe tunaweza kuyatumia. Mwalimu na atundike picha moja mbele ya darasa, amwite mwanafunzi asimame aisimulie: nani yumo, anafanya nini, kabla yake kulitokea nini. Kisha wote wasome maelezo ya mchoraji mwenyewe, wayalinganishe na Kiswahili sanifu, neno kwa neno. Siku hiyo watajifunza insha, sarufi na historia katika kipindi kimoja. Na wakirudi nyumbani, wawaulize wazee wao ni picha gani zilizokuwapo ukutani walipokuwa watoto.