Maganda ya Salaita

Kilima cha Salaita si kirefu. Kimesimama peke yake kwenye tambarare kavu mashariki ya Taveta, Kenya, na msafiri wa barabara ya Voi hukipita bila kugeuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Afrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wameingia nchini walitumwa kukitwaa kutoka kwa Wajerumani. Mizinga ya Waingereza ilitwanga kilele, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefunikwa na vichaka. Wageni wale walipokaribia walimiminiwa risasi kutoka mahali wasipopatarajia. Wakarudi nyuma kwa fujo, wakikingwa na Wabaluchi wa jeshi la India.

Habari hiyo imo katika vitabu vya maofisa. Iliyobaki imo ardhini, na huko kuna mashahidi wasioandika barua kwa wakubwa wao. Chukua ganda moja la risasi, shaba yake imeshageuka kijani. Futa udongo kwenye kitako nawe utaona herufi zilizogongwa kuzunguka fataki: alama ya kiwanda, na mara nyingine mwaka. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Vita vilipoanza, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa na bunduki hiyo ya zamani, na kila risasi iliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui alipojificha mpigaji. Ganda jembamba lenye ukingo kitakoni ni la bunduki ya Kiingereza.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka hupotea. Waingereza waliposhindwa Tanga mwezi Novemba 1914, waliacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Tangu siku hiyo, askari wa Mjerumani aliweza kufyatua risasi ya Mwingereza. Miaka mitatu baadaye, kule Ngomano kando ya mto Ruvuma, jeshi hilohilo lilijipatia silaha za Wareno. Kwa hiyo ganda lililotolewa mfukoni na kuwekwa mezani halisemi ni nani aliyelifyatua. Likiachwa lilipoangukia, likapimwa pamoja na wenzake na vichwa vya risasi vilivyokita upande wa pili, linaweza kuonyesha safu ya wapigaji ilisimama wapi na ilivunjika kuelekea wapi. Anayeliokota bila kuandika mahali ameng'oa ukurasa wa kitabu ambacho nakala yake ni hiyo moja tu.

Wanaochimba zaidi, hata hivyo, hawatafuti maganda. Upande wa Tanzania wanatafuta mali ya Mjerumani inayosemekana ilizikwa ardhini. Uvumi huo una chembe ya ukweli: mwaka 1916, koloni lao likiwa limezingirwa, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa kama 16,000 hivi. Zilikuwa fedha za matumizi, zikapita mikononi mwa watu, na nyingi kati ya zilizobaki ziko kwa wakusanyaji wa sarafu. Lakini kwa ajili yake misingi ya maboma inabomolewa na makaburi yanafukuliwa na watu wenye sururu na detekta za metali. Inaniuma kuona kaburi limevunjwa kwa tamaa ya sanduku ambalo halikuwekwa humo. Tena kwenye uwanja wa vita sururu yaweza kugonga kombora ambalo halijalipuka.

Sheria haitoshi kuwazuia. Ile ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa vya kale vitu vya kabla ya 1895. Ile ya Tanzania ya 1964 inaweka mpaka mwaka 1863. Vita vya 1914 vinabaki nje ya sheria zote mbili, mpaka waziri atangaze mahali fulani kuwa pa kuhifadhiwa.

Na kuna watu ambao detekta haiwaoni kwa urahisi. Waingereza wenyewe waliandika vifo vya wapagazi wa jeshi lao zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa wameuawa na maradhi, hasa kuhara. Mpagazi hakufyatua risasi. Kwa kawaida hakuwa na sare ya vifungo vya shaba, na mzigo aliobeba ulikuwa wa wengine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo mimi nisingeanzia kileleni Salaita. Ningeanzia kambi za reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi, pale Maktau na Mbuyuni, nikitafuta majivu ya meko, makopo ya nyama, mifupa ya ng'ombe waliochinjwa, na vilima vidogo vya makaburi yasiyo na jiwe. Wazee wa vijiji vya jirani waulizwe walichosimuliwa na babu zao, kabla trekta halijapita. Tangazo la waziri likija, lianze na ardhi hiyo.