Ugatuaji wa Madaraka: Maana, Sura Zake na Nafasi ya Mwananchi

Ugatuaji wa madaraka ni utaratibu wa kuhamisha mamlaka ya kuamua, kutekeleza na kusimamia fedha kutoka ngazi ya juu ya Serikali au taasisi kwenda ngazi za chini. Serikali Kuu au makao makuu hubaki na jukumu la kuweka sera, kupanga viwango na kufuatilia utekelezaji.

Utaratibu huo una sura tatu. Ya kwanza ni kupeleka watumishi mikoani au kwenye matawi, huku wakiendelea kuwajibika kwa makao makuu. Ya pili ni kukaimisha madaraka, ambapo mwenye mamlaka humpa mwingine kazi kwa niaba yake na anaweza kuyatwaa tena. Ya tatu ni kugatua kwa ukamilifu: chombo kilichochaguliwa na wananchi hupewa kisheria mamlaka, vyanzo vya mapato na wajibu wa kujibu kwa waliokichagua.

Historia ya Tanzania inabainisha tofauti hiyo. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa, zikifuatiwa na za miji. Watumishi wa Serikali Kuu walisogezwa karibu na wananchi, lakini wananchi walipoteza vyombo vyao vya kuamua. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 ziliweka upya msingi wa mamlaka za wilaya na za miji. Ibara ya 146 ya Katiba inatamka kuwa Serikali za Mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda serikali za kaunti 47 na kuzitengea kwa pamoja mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Hata hivyo, madaraka yaliyogatuliwa huwa na maana pale yanapotumiwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mkazi asiyehudhuria huwaachia wengine uamuzi juu ya ardhi ambayo naye anaitegemea.