Muziki wa filme: namna wauaji walivyogeuzwa wakombozi

Zima sauti ya filme ya kutisha, kisha endelea kuitazama. Mlango unafunguka polepole, mtu anapita, basi. Rudisha sauti, na watoto watajificha nyuma ya mama yao. Picha ni ileile. Kilichobadilika ni muziki.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Filme za kwanza hazikuwa na sauti, lakini ndani ya majumba ya sinema kulikuwa na mpiga piano, na katika miji mikubwa orkesta nzima. Hao ndio walioongoza watazamaji wapi pa kucheka na wapi pa kulia.

Mwaka wa 1915, katika inchi ya Marekani, D. W. Griffith alitoa filme The Birth of a Nation. Ndani yake watu Weusi wanaonyeshwa kama hatari. Ku Klux Klan, kundi lililowatesa na kuwaua Weusi, linaonyeshwa kama jeshi la wakombozi. Muziki ulitayarishwa na Joseph Carl Breil. Pale wapanda farasi wa Klan wanapokuja mbio, orkesta ilipiga muziki wa Mjerumani Richard Wagner, ule wa mabinti wa vita wanaopaa na farasi zao. Tarumbeta zinapanda, na moyo wa mtazamaji unakimbia pamoja na farasi. Kabla hajajiuliza hawa ni watu gani, amekwisha kuwatakia ushindi.

Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Weusi, kiliipinga filme hiyo. Hata hivyo ilijaza majumba. Mwishoni mwa mwaka uleule, Klan, ambayo ilikuwa imekwisha kufa, ilifufuliwa katika jimbo la Georgia. Muziki peke yake haukuifufua, maana chuki ilikuwapo tayari. Lakini muziki uliivalisha chuki hiyo nguo za ushujaa.

Muziki unaweza pia kujenga. Mwaka wa 1987, Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, alitoa La Vie est belle pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anaigiza kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Umaskini wake unaonekana wazi, lakini nyimbo hazimwachi mtazamaji abaki na huruma tu. Zinamfanya atamani kijana huyo afaulu.

Leo filme zimeingia ndani ya telefone. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, video za vita zinapita toka mkono hadi mkono, na nyingine zimewekewa muziki: ngoma za ushujaa kwa upande huu, kinanda cha huzuni kwa upande ule. Mama aliyekimbia kijiji chake hahitaji muziki ili ajue uchungu. Lakini aliyeuweka muziki huo ana nia yake, na inawezekana si kumfariji.

Kwa hiyo, kabla ya kumtumia jirani video ya namna hiyo, zima sauti, itazame mara ya pili. Angalia ni nani anaonekana, ni wapi, anafanya nini. Kama hasira imepungua, ujue sehemu yake haikutoka katika picha. Kuna mtu aliyeiweka pale.