Kobe Aliyeshinda Mara Mbili

Miongoni mwa wanyama wa Wayunani wa kale, hakuna mkimbiaji aliyejipatia sifa kubwa kwa juhudi ndogo kama kobe. Aliingia mashindanoni mara mbili, na mara zote mbili akatoka mshindi.

Ushindi wake wa kwanza twaujua tangu utotoni. Umo katika hekaya zinazohusishwa na Aesop, ambaye mwanahistoria Herodotus asema alikuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos. Sungura alijiamini, akalala njiani. Kobe akapita taratibu, akafika. Hapo hapana fumbo: mwenye mbio alishindwa na usingizi wake mwenyewe.

Ushindi wa pili ni wa ajabu zaidi, kwani safari hii mpinzani hakusinzia hata kidogo. Katika karne ya 5 K.K., Zeno wa mji wa Elea, kusini mwa Italia, alidai kwamba shujaa Achilles, pamoja na mbio zake zote, hawezi kamwe kumfikia mwenda pole aliyemtangulia. Tuseme kobe ametangulia mita 100, na Achilles ana kasi mara 10 kumshinda. Achilles akimaliza zile 100, kobe amesogea 10; akimaliza hizo 10, kobe amesogea 1; na kuendelea bila kikomo. Maskini shujaa! Tena Aristotle, aliyetuhifadhia fumbo hili, hakumtaja kobe kabisa. Aliingizwa na wafafanuzi wa baadaye. Basi kobe wetu alitwaa ushindi katika mbio ambazo hata hakuandikishwa.

Yasimuliwa kwamba Diogenes alipomsikia mtu akikana kuwapo kwa mwendo, aliinuka akatembea. Twacheka, na ni haki yetu. Lakini mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, kosa la hoja hii li wapi?" miguu ya Diogenes haina jibu. Zeno naye alikuwa na macho, aliwaona wakimbiaji wakipitana. Alichotaka ni kuonyeshwa mahali hoja yake ilipovunjika.

Wanahisabati wa karne ya 19 ndio waliolipa jibu msingi imara: hatua zisizo na mwisho zaweza kujumlishwa zikatoa urefu wenye mwisho. Jumlisha 100, na 10, na 1, na sehemu 1 ya 10, na kuendelea. Utapata mita 111 na sehemu 1 ya 9. Hapo ndipo Achilles amkamatapo kobe.

Plato atueleza kwamba mwaka 399 K.K. Socrates, akingoja kifo gerezani, alizigeuza hekaya za Aesop kuwa mashairi. Mtu aliyebakiwa na siku za kuhesabu hakuwaona wanyama wale kuwa mchezo wa watoto tu. Nasi walimu, tunapoletewa swali linalochekesha darasani, tucheke kwanza, kisha tulitafutie jibu. Swali la Zeno lilisafiri zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kufika. Na huo nao ni mwendo wa kobe.